Kura ya Bi Nesi

Ukimwambia Bi Nesi kwamba hujambo, hakukuamini. Alikutazama kwanza weupe wa macho, kisha kucha, kisha akakuuliza jana ulikula nini, na jibu lako akalipokea kichwa kimelala upande, kama mtu anayesikiliza redio yenye mikwaruzo. Mungu amrehemu. Alikuwa jirani yetu kwa miaka mingi katika mtaa mpya wa Ibra, ule wa ng'ambo ya wadi, bonde la mto mkavu, na katika miaka yote hiyo sikumbuki siku aliyoletewa habari akaichukua kama ilivyoletwa. Swali lake la kwanza lilikuwa lile lile: "Nani kasema?"

Jina lake alikuwa nalo na wengi tulilijua, lakini hapana aliyelitumia. Alifanya kazi ya uuguzi maisha yake yote, akapiga sindano nusu ya watu wa mji, na hata watoto waliozaliwa baada ya yeye kustaafu walimwita Bi Nesi. Nyumbani alivaa kanga juu ya nguo zake za Kiomani, miwani ikining'inia kifuani kwa uzi mweusi, na mikono yake siku zote ilinuka sabuni kali ya kuoshea vidonda, hata siku ya Idi, hata alipokuwa anakata halua.

Siku moja nilimchukua kwenda Sur, ambako nasomesha. Tulisimama Al Kamil, penye vibanda vya matikiti kando ya barabara. Akamwambia muuzaji apasue moja. Likapasuliwa, jekundu, tamu, linatiririka. Bi Nesi akalionja, akalisifu, kisha akanunua jingine ambalo halijapasuliwa. Nilipomwuliza kwa nini, akasema, "Lile kalichagua yeye." Tulipolifungua Sur lilikuwa jeupe ndani kama boga. Akalila lote, na njia nzima ya kurudi alinieleza kwamba matikiti meupe ndiyo yanayowafaa wenye presha.

Kiswahili chake kilikuwa cha mjini Unguja, cha zamani, hakikuguswa. Mgeni wa Kiarabu akimtia wasiwasi, alinigeukia akasema Kiswahili. Sisi Waswahili tukimtia wasiwasi, aligeukia televisheni akasema nayo Kiarabu. Wajukuu wake wakisema "kitabu yangu" au "maji imemwagika" alijifanya hasikii mpaka waseme sawa, na kwa kuwa kusema sawa hawakujua, nyumba ile ilikuwa na vipindi virefu vya kimya.

Na mtu huyo huyo mlango wake wa nyuma haukuwa na kufuli. Ufunguo wa mlango wa mbele alimwachia Mbangali aliyemwagilia mindimu yake, mtu aliyenuna mwaka mzima. Binti yake alikuja kutoka Birkat al Mauz akapiga kelele juu ya jambo hilo. Bi Nesi akamjibu, "Huyu hajapata kunichekea hata siku moja. Hana haja ya kunifurahisha. Sasa atanidanganya kwa nini?" Ndivyo alivyowapima watu. Tabasamu lilikupunguzia alama.

Mtaa wetu ulimfaa mtu wa namna hiyo, maana haukuwa na mazoea. Mji wa zamani, ng'ambo ile ya wadi, kila kichochoro kina ukoo wake na kila ukoo una mzee wake. Kwetu viwanja viligaiwa kwa bahati nasibu. Jirani yangu wa kulia katoka Pemba. Wa kushoto kazaliwa Bujumbura, na kila kitu kwake ni "projekti" na "mitingi". Wa mbele ni mtu wa mji wa Adam aliyeacha biashara ya mbuzi akaja kufungua duka la vipuri. Nyumba nyeupe, kuta ndefu, miti bado vijiti. Mvua ikinyesha milimani wadi hujaa, mtaa mzima hukatika, watoto hawendi skuli na wagonjwa hawavuki. Mwanamke wa Bujumbura alizaa katika gari kwa sababu ya wadi ile, Bi Nesi akiwa kiti cha nyuma, kanga imefungwa kiunoni, akimwuliza mume mtu kila dakika kama kweli ameegesha vizuri.

Ninayoyaeleza sasa yalianzia hapo kwenye wadi.

Nchi yetu haina vyama vya siasa. Anayegombea Majlis ya Shura, baraza la wawakilishi wetu, husimama kwa jina lake, lakini nyuma ya jina mna ukoo, na ukoo hukaa kikao, ukakubaliana mtu, na baada ya hapo hapana aliyedhani kuna la kuuliza. Ndivyo ilivyokuwa. Mtaa wetu ndio ulioivuruga desturi, na uliivuruga polepole, bila ya mtu kusema kwa sauti. Mke alianza kusema mambo ya taa za barabara huku mume akisema mambo ya ukoo. Kijana akaanza kuuliza mgombea kasomea nini. Watu waliozikana vizazi kwa vizazi wakaanza kutazamana msikitini kwa pembe ya jicho.

Mwaka ule walisimama wengi, lakini kwetu waliozungumzwa ni wawili. Mmoja alikuwa mtoto wa shemeji yake Bi Nesi. Shemeji huyu ni kaka wa marehemu mumewe, mzee wa ukoo wao huko mji wa zamani, mtu mzito, mwenye bakora ya mtobwe na sauti isiyopanda. Naye pia alikulia Unguja, na yeye na Bi Nesi walizungumza Kiswahili siku zote. Wa pili alikuwa mhandisi wa mtaani kwetu, kijana wa wazee wa Pemba, aliyeahidi daraja.

Juu ya wote wawili Bi Nesi alikuwa na maneno. Mhandisi alimwona anacheka upesi mno. "Hujamaliza kusema, keshacheka. Kacheka nini?" Na mtoto wa shemeji, ambaye alimpokea yeye mwenyewe tumboni mwa mamake, alimwona hajui kukaa. "Akija kwangu hukaa ncha ya kiti. Mtu anayekaa ncha ya kiti ana pahala pengine moyoni." Ukimwuliza basi yupi atampa, alinyanyua miwani akakutazama kama aliyekuta uvimbe.

Wiki ile kabla ya kura ziliingia sinia mbili nyumbani kwake. Ya kwanza ilitoka kwa shemeji, nyama ya kuchimbia, ile inayookwa shimoni, imelala juu ya wali. Ya pili ilitoka kwa mke wa mhandisi, biriani ya kuku, na juu yake karafuu zimepangwa kama ua. Nilikuwepo ilipofika ya pili. Bi Nesi aliifunika, akaenda mwenyewe mpaka kwa mafundi waliokuwa wanapanga matofali ya njia, akawapa, kama alivyowapa ya kwanza. Sinia akazirudisha zimeoshwa. Nikamwambia, "Bi Nesi, hiki ni chakula tu. Majirani hupelekeana."

"Mwaka jana waliniletea?"



Siku ile ndipo aliponisimulia kidogo habari za zama za siasa. Kwa watu wa umri wake neno hilo lina maana moja tu, miaka ile ya mwisho Unguja, kabla ya mambo kuharibika. Alikuwa msichana. Jirani yao mlango kwa mlango alifiwa na mtoto, na jirani huyo alikuwa wa chama kingine. Mamake, aliyemnyonyesha mtoto yule pale mama mtu alipougua, hakwenda msibani. Alikatazwa na kaka zake. Alisimama nyuma ya dirisha la juu, kashika nondo, akisikiliza wanawake wanalia nyumba ya pili.

"Walijuaje sisi wa chama gani?" Bi Nesi akaniuliza, kisha akajijibu mwenyewe. "Tuliwaambia. Tulivaa rangi, tuliimba, tulitaja. Kila mtu alimjua kila mtu. Khalas, tena pakawa hapana pa kujificha." Akaniwekea kahawa mbele yangu. "Kura ni kama ugonjwa wa mtu. Nesi hautaji."

Waliokuwa nje ya nchi walipiga kura zao siku kadhaa kabla yetu. Mjukuu wa Bi Nesi alikuwa anasoma Ulaya, na kule kura yake ilikuwa ya mwanzo katika ukoo wote. Shemeji akampigia simu. Nilisimuliwa na Bi Nesi, ambaye alisimuliwa na mjukuu mwenyewe. Mzee alimwuliza, "Ushapiga?" Kijana akasema, "Nimeshapiga, babu." Mzee akauliza, "Vizuri?" Kijana akasema huku baridi ni kali sana, babu, na theluji inakuja.

Kura moja ya kijana mmoja. Lakini shemeji alikata simu ile na wasiwasi ulioanza kuota. Mtoto huyu kalelewa na nani? Kafundishwa na nani kujibu hivi?

Siku yenyewe tulipiga kwa simu. Unaweka kadi ya kitambulisho nyuma ya simu mpaka isomeke, unajipiga picha ya uso, kisha unachagua. Jambo dogo kwa vijana, lakini kwa akina mama wengi wa mtaa lilikuwa kubwa. Wengine hawakuwahi kushika simu ya namna hiyo, na wengine hawakutaka wanaume wawasimamie huku wamefunua nyuso. Ilijulikana kwamba wanawake wa mji wa zamani watapita kwetu saa mbili asubuhi, nyumba kwa nyumba, kuwasaidia. Ilijulikana pia kwamba mke wa mhandisi atapita.

Bi Nesi hakungoja mtu. Siku tatu hivi kabla alinyanyua simu akawaita mmoja mmoja, na siku ile, baada ya sala ya asubuhi, ukumbi wake ulikuwa umejaa. Mama wa Pemba, yule mke wa jirani yangu wa kulia, mke wa mtu wa Adam, bibi mmoja asiyesikia vizuri, wengine. Mimi, mwanamke mwenzao, nilikuwa msaidizi. Kazi yangu ilikuwa kuweka kadi nyuma ya simu na kuwaambia watazame mbele wasicheke. Picha ikishakubali, Bi Nesi alinishika bega, akanigeuza, na sisi wawili tukatazama ukuta. Ukutani palikuwa na saa na kalenda ya duka la vipuri. Mama wa watu akawa peke yake na simu yake. Akimaliza alikohoa, ndipo tukageuka.

Mama wa Pemba hakukohoa kwa muda mrefu. Nilipotaka kuchungulia, vidole vya Bi Nesi vilinikaza shingo.

"Huyu kakwama, Bi Nesi," nikanong'ona.

"Hakukwama. Anafikiri. Mwache afikiri, hajapewa nafasi hiyo tangu aolewe."

Mwisho Bi Nesi akapiga ya kwake. Nikageukia ukuta bila ya kuambiwa. Hakukawia.

Wanawake wa mji wa zamani walipofika, wakakuta kila mlango jibu moja: nimeshapiga. Mke wa mhandisi naye akajibiwa hivyo hivyo. Mchana televisheni ilipotaja waliojitokeza, wilaya kwa wilaya, ilisemwa msikitini kwamba mtaa mpya umemaliza kabla mji wa zamani haujanywa kahawa. Na magharibi yalipotoka matokeo, mtoto wa shemeji alikuwa ameshindwa, na mhandisi alikuwa ameshinda, kwa tofauti ndogo hata chumba kimoja cha wanawake kingetosha kuifanya.

Chumba hicho kila mtu alijua kiko wapi.

Sijui nani alikuwa wa kwanza kulisema. Nadhani lilisemwa na wengi kwa wakati mmoja. Bi Nesi kawauza. Bi Nesi kawashikia simu wazee. Bi Nesi kakusanya kadi. Nilikwenda mwenyewe kwa shemeji, nikamwapia kwamba nilikuwepo, kwamba tuligeukia ukuta. Alinisikiliza mpaka mwisho.

"Ukuta," akasema. "Na kwa nini alfajiri? Kwa nini kabla watu wetu hawajafika? Asiye na jambo huogopa nini kutazamwa?"

"Hata watu wa mhandisi hawakuwatazama, mzee."

"Hao hawakuwa na haja."

Naye alikuwa na kumbukumbu zake za zama za siasa, na alizitoa siku ile. Kwa maoni yake kule Unguja watu wake hawakuangushwa na waliotaja. Waliangushwa na wale waliokaa kimya, waliokula nao, wakacheka nao, wakaenda kutia karatasi kwingine. Watu wawili walitoka katika mji mmoja, katika miaka ile ile, kila mmoja na funzo lake, na funzo la huyu lilikuwa ndiyo hatia ya yule.

Nikiri kwamba hata mimi nilimshuku. Niliyapanga mambo usiku kitandani. Mwanamke wa Bujumbura na wadi. Mhandisi na daraja lake. Wakati ule aliouchagua. Kisha nikakumbuka alivyompokea mtoto wa shemeji, na picha ya mtoto yule akiwa na nepi iliyokuwa katika kabati lake la vioo, wala hakuitoa hata baada ya maneno. Nikilala upande huu, alimpa mhandisi. Nikigeuka, alimpa mtoto wa shemeji. Kulikucha sijui.

Sasa nieleze habari ya mguu. Shemeji alikuwa na sukari ya miaka mingi, na chini ya kidole gumba cha mguu wa kushoto alikuwa na kidonda kisichotaka kufunga. Hospitali hakupenda kwenda. Mguu wake alimkubalia mtu mmoja tu kuugusa. Kila wiki alikuja na gari yake, akaingia kwa mlango wa nyuma, akakaa barazani, na Bi Nesi akamwosha, akamkata ngozi iliyokufa, akamfunga bandeji. Walizozana muda wote. Yeye akisema hakula tende, Bi Nesi akisema mguu unasema umekula. Hayo ndiyo yaliyokuwa mazungumzo yao, na nadhani ndiyo waliyoyapenda kuliko yote.

Baada ya matokeo hakuja tena.

Wiki ya kwanza Bi Nesi alisema mzee ana hasira, zitapoa. Wiki ya pili alivuka wadi kwa miguu, mkoba wa dawa mkononi, akaenda kwake. Mkaza mwana akamwambia mlangoni kwamba mzee kalala. Akarudi. Nilimkuta barazani anavua viatu.

"Hakulala," akasema. "Nimesikia kikohozi chake."

Alikwenda tena. Mara hiyo mlango haukufunguliwa. Akaacha dawa na bandeji juu ya ngazi, na kesho yake mtoto wa mtu akazirudisha katika mfuko wa plastiki, zimefungwa vile vile. Akampigia simu binti yake wa Birkat al Mauz, akampigia daktari aliyewahi kufanya naye kazi, akamwomba amwendee. Daktari akaenda. Shemeji akamwambia mguu mzima, akampa kahawa.

Hapo nilimkasirikia, na nikamwambia. Nilikaa mbele yake nikasema, "Bi Nesi, neno moja tu. Kama ulimpa mtoto wake, si umwambie? Na kama hukumpa, mwambie ulimpa. Nani atajua? Mguu wa mtu huo."

Akavua miwani. Bila miwani uso wake ulionekana mdogo.

"Nikimwambia leo," akasema, "kesho watakwenda kwa mama wa Pemba. Watamwambia, Bi Nesi kasema, na wewe sema. Keshokutwa kwa mke wa mtu wa Adam. Atakayesema kanusurika. Atakayenyamaza ndiye mwizi. Yule mama wa Pemba ana mume mkali na watoto wadogo, unamjua. Mimi wananinunia tu. Yeye atarudishwa kwao."

"Na mguu?"

"Mguu naujua kuliko wewe," akasema, akasimama akaenda jikoni, na nikasikia maji yanafunguliwa na kuachwa yatiririke.

Shemeji alikatwa mguu Nizwa, chini ya goti. Mimi ndiye niliyempelekea Bi Nesi habari. Nilitazamia atauliza nani kasema. Hakuuliza. Alikaa chini pale pale aliposimama, sakafuni, mtu mzima yule, na akaniambia nimwache. Kwa mara ya kwanza mlango wa nyuma aliufunga kwa ndani, kwa komeo.

Mtaa nao haukupata ulichokitaka. Daraja halijajengwa mpaka leo. Limepimwa, limewekewa vijiti vyenye vitambaa vyekundu, na wadi ikajaa ikavichukua. Waliompa mhandisi wanasema wakati bado. Wasiompa wanatabasamu. Nani alimpa nani, sasa hata wenyewe husema vingine kila mwaka.

Miaka ilipita. Macho ya Bi Nesi yaliingia ukungu, na binti yake akamchukua Birkat al Mauz, nyumba iliyo ukingoni mwa mashamba ya migomba, falaji, mfereji wa maji ya mashamba, ikipita chini ya ukuta. Nilikuwa nikimwendea kila nilipopata nafasi. Wiki moja nilitaja mbele ya watu kwamba Ijumaa nakwenda, na jioni simu yangu ikalia. Alikuwa shemeji. Hakuwahi kunipigia simu maishani mwake.

"Garini mna nafasi?" akauliza.

Nilishuku. Nilidhani anataka kwenda kumtolea maneno kabla ya mmoja wao kufa. Nilimchukua hata hivyo. Kutoka Ibra mpaka tunapinda njia ya Birkat al Mauz alisema jambo moja tu: "Bado anaona?" Nikasema kidogo sana. Akayapanga magongo yake juu ya mapaja.

Nilitangulia mimi. Bi Nesi alikuwa amekaa juu ya mkeka penye kivuli cha ukuta.

"Shikamoo, Bi Nesi."

"Marahaba. Umekuja na nani? Milango ya gari imelia miwili."

Kabla sijajibu, magongo yalikuwa yanagonga mawe ya njia. Gongo, gongo, mguu. Gongo, gongo, mguu. Bi Nesi aligeuza kichwa upande wa sauti, akasikiliza mpaka magongo yakafika mbele yake. Mikono yake ilikuwa imeshika ukingo wa mkeka.

"Kaa," akasema.

Nilimsaidia shemeji kukaa kwenye kiti kifupi. Hawakuamkiana.

"Wa pili una hali gani?" Bi Nesi akauliza.

"Mzima."

"Nani kasema?"

"Mimi."

"Wewe hujui. Vua."

Akavua ndara. Bi Nesi akaniagiza beseni na maji ya vuguvugu, na mkono wake ukatafuta hewani mpaka ukaupata mguu, akauvuta mapajani kwake. Aliupapasa kwa vidole, katikati ya vidole vya mguu, kisigino, pembeni, na maji yalipofika akaanza kuuosha. Wote wawili walikuwa wazee sana. Mimi nilisimama na taulo.

"Nimekuja kukuuliza," shemeji akasema. Sauti yake ile isiyopanda, lakini nyembamba sasa. "Sitaki kufa sijui. Ulimpa nani? Ukiniambia ulimpa mwanangu, nitakutaka radhi hapa hapa. Ukiniambia ulimpa yule, wallahi, nimekusamehe."

Bi Nesi hakuacha kuosha.

"Basi sikwambii," akasema. "Ukitaka kunitaka radhi, nitake bila ya kujua."

Maji ya falaji yalisikika upande wa pili wa ukuta. Shemeji alinitazama mimi, kama mtu anayetafuta shahidi, na mimi nikatazama taulo.  Niliona mkono wake unapanda kwenye kilemba, ukashuka, ukapanda tena. Nilidhani ataomba magongo yake.

"Nakutaka radhi, shemeji," akasema.

 Bi Nesi aliinama zaidi juu ya mguu, akaukausha kwa upindo wa kanga yake badala ya taulo langu, kisha akabonyeza chini ya kidole gumba kwa ncha ya ukucha.

"Hapa unasikia?"

"Sisikii kitu."

Akasogeza ukucha, taratibu, kuelekea katikati ya unyayo.

"Na hapa?"

Shemeji alishtuka kidogo, mguu ukataka kurudi, yeye akaushikilia.

"Hapo nasikia," akasema.

"Alhamdulillahi," akasema Bi Nesi, na hilo ndilo jambo la kwanza, katika miaka yote niliyomjua, alilolipokea kutoka kinywani mwa mgonjwa bila ya kuuliza tena.